Mbili kwa nne ya Mafinga na mbili kwa nne ya Billund

Mafinga, mji wa mbao mkoani Iringa, ukitamka "mbili kwa nne" hakuna atakayekuuliza swali la pili. Ni mbao ya paini, inchi 2 unene, inchi 4 upana, futi 12 urefu, ya kupaulia nyumba. Tamka hayo hayo Billund, mji mdogo wa Denmark, na watu watafikiria kitofali cha plastiki chenye vinundu 8 mgongoni, safu 2 za vinundu 4. Hicho ndicho kitofali mashuhuri kuliko vyote vya Lego, kampuni ya midoli ya huko. Ukichukua 6 vya aina hiyo, vya rangi moja, unaweza kuviunganisha kwa namna 915,103,765. Hesabu hiyo ni ya wanahisabati, mimi naibeba tu; nikiwa na vitofali 6 mkononi huwa naishia kujenga ukuta.

Nimekuwa nikizilinganisha mbili kwa nne hizi tangu Krismasi iliyopita. Nilimnunulia mtoto wa kaka yangu gari la polisi pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, lina betri, taa na king'ora. King'ora kililia siku 2, majirani mashahidi. Siku ya 3 gurudumu la mbele likachomoka, na hapakuwa na namna ya kulirudisha, kwa sababu ekseli yenyewe ilikuwa kijiti cha plastiki kilichoyeyushwa moja kwa moja kwenye bodi. "Shangazi, limekufa," akaniambia, na wala hakulia. Ameshazoea. Mwaka mpya ulitukuta gari likiwa juu ya kabati, likimsubiri fundi ambaye hajazaliwa. Nyumba nyingi za Mbeya zina kabati la namna hiyo.

Gari lile huenda lilizaliwa Chenghai, wilaya ya jiji la Shantou katika jimbo la Guangdong, China, ambako viwanda vya midoli vimebanana kama vibanda vya Kabwe. Au lilipitia Yiwu, kwenye soko la jumla ambalo wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanalijua kuliko wanavyoijua Songea. Likapanda meli, likashuka bandari ya Dar es Salaam, likalala Kariakoo, kisha likapakiwa kwenye lori la kuja nyanda za juu. Pale Mlima Kitonga lori hilo lilipishana na malori yanayoshuka, yamesheheni mbao za Mafinga na Njombe. Hupishana kila siku. Plastiki inapanda, paini inashuka, na madereva wanawashiana taa.

Katika mbao zote zile zinazotoka msitu wa Sao Hill, kwa nini sikumbuki hata moja iliyogeuka kuwa kitu cha kuchezea kinachouzwa Mwanjelwa? Nimewauliza wengi, na majibu huwa yale yale. Hatuna mashine. Hatuna mtaji. Mchina ana bei. Majibu hayo yana ukweli ndani yake, ila hayanitoshi, kwa sababu seremala yeyote wa Mafinga mwenye msumeno wa umeme na randa ana vifaa ambavyo waanzilishi wa biashara hii duniani walivitamani. Ninavyoona, tunachokosa ni kipimo kisichobadilika. Naomba mnivumilie nieleze.

Ole Kirk Christiansen, mwanzilishi wa Lego, alikuwa seremala. Alinunua karakana Billund mwaka 1916, akawa anajenga nyumba na kutengeneza samani za wakulima. Mwaka 1924 karakana ikaungua. Uchumi wa dunia ulipoanguka, wakulima wakaacha kujenga, na mwaka 1932 akageukia vitu vidogo: ngazi, meza za kupigia pasi, vigari, na baadaye mabata ya mbao yenye magurudumu. Wapo waliomlipa kwa chakula. Jina la Lego, kutoka maneno ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri", lilikuja miaka michache baadaye. Msomaji wa Ifunda au Ilembula hahitaji kuchorewa picha ya mtu huyu. Anaye jirani.

Kuna kisa ambacho kampuni hupenda kukisimulia. Mwanawe, Godtfred, alirudi kutoka stesheni ya reli akijisifu kwamba ameokoa fedha: mabata ya shehena ile aliyapaka vanishi mara 2 badala ya mara 3. Baba akamrudisha stesheni ayatoe kwenye makasha, ayapake mara ya 3, peke yake, na akeshe mpaka amalize. Wahubiri wa ujasiriamali hukitumia kisa hiki kufundisha uaminifu. Mimi nakisoma kwa jicho la fundi: bata wa Jumanne lazima alingane na bata wa Jumatatu, la sivyo mwenye duka atachagua, na akianza kuchagua umekwisha.

Kitofali chenyewe hawakukibuni wao. Mwingereza Hilary Fisher Page alishakuwa anauza vitofali vya plastiki vinavyoshikana, kwa jina la Kiddicraft. Lego wakavitazama, wakatoa vya kwao mwaka 1949, na havikushikana sawasawa. Ilichukua miaka 9 hadi Godtfred alipoweka mirija ndani ya tumbo la kitofali ili vinundu vya chini vipate pa kubanwa, na tarehe 28 Januari 1958 akaomba hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi. Tangu hapo kipimo hakijaguswa. Kitofali cha mwaka ule kikiokotwa leo kwenye dari la bibi fulani wa Copenhagen kitakaa juu ya kitofali kilichotoka kiwandani wiki hii, kitashika, na kitachomoka mtoto akikivuta. Miaka 2 baada ya hataza, ghala la midoli ya mbao likaungua, na Lego wakaachana na mbao moja kwa moja. Nawakumbusha hili wale wenye kauli mbiu za "Mafinga iwe Billund". Billund ilipofanikiwa ilikuwa imeshaitupa mbao, na kilichobaki mkononi ni ile tabia ya bata wa Jumanne.

Hataza nayo ilikwisha muda wake zamani. Mwaka 2010 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya ilikataa hata umbo la kitofali kusajiliwa kuwa alama ya biashara, kwa hoja kwamba umbo linalofanya kazi ya kiufundi haliwezi kumilikiwa milele kwa mlango huo. Viwanda vya China vinatoa vitofali vinavyoshikana na vya Lego, kwa bei ya chini mno. Na bado mwaka 2024 Lego waliingiza mapato ya krona bilioni 74.3 za Denmark. Mzazi anarudi kununua kwa sababu cha leo kitaungana na cha mwaka juzi kilichopo nyumbani. Gari langu la polisi halikuungana na chochote. Lilikufa peke yake.

Hata Lego walipokaribia kuzama, mwaka 2003 na 2004, ugonjwa ulikuwa huo huo. Walikuwa wametawanyika kwenye bustani za burudani, nguo na michezo ya kompyuta, na aina za vipande zikaongezeka hadi kupita 12,000, maana kila mbunifu alitaka kipande chake maalumu ambacho hakina kazi popote pengine. Jørgen Vig Knudstorp alikabidhiwa usukani mwaka 2004 akiwa na miaka 35. Akakata aina za vipande, bustani zikauzwa, wabunifu wakaambiwa wapike kwa viungo vilivyopo jikoni.

Najua kuna msomaji ambaye tangu aya ya kwanza anataka kunikatiza: sisi tulikua na magari ya waya, dada, na hatukufa. Kweli. Gari la waya lina usukani mrefu wa kufika kifuani, tairi za ndala zilizochakaa, na kwenye miteremko ya Tukuyu linakimbia kuliko lile la polisi. Kule kwetu tulikuwa na vigari vya mabua ya mahindi, pia za mbao za kuzungusha zilizochongwa kwa panga, na wanasesere wa magome ya mgomba waliobebwa mgongoni kwa kanga mpaka wakakauka na kuvunjika shingo. Uhandisi wake ni wa kweli na ninauheshimu. Lakini utamu wa gari la waya uko katika kulikunja mwenyewe. Ukishalinunua limekwisha kazi, linabaki pambo la mtalii. Halijawahi kuwa biashara na sidhani kama linapaswa kuwa. Na malighafi zenyewe zinapungua. Mpira wa utoto wangu ulijazwa makaratasi, ukavalishwa mifuko ya rambo, ukafungwa kamba. Mifuko ile ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na sikumsikia mtu yeyote akikumbuka kwamba siku ile tuliwanyima wacheza chandimu ngozi ya mpira wao. Sheria naiunga mkono. Nasema tu.

Turudi kwenye mbao.

Mwezi Machi, nikiwa safarini kwenda Iringa, nilishuka Mafinga kwa mzee mmoja mwenye karakana kando ya barabara kuu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Makambako. Nikamwamkia, "Kamwene." Akaitikia, "Kamwene, mwanangu. Kitanda au kabati?" Nikamwambia nataka vitofali vya mbao, vya watoto. Akazima mashine ili anisikie vizuri, kisha akacheka. "Mwanangu, kitanda nauza. Kabati nauza. Jeneza ndiyo usiseme. Kitofali cha mbao nimuuzie nani?"

Swali lake nitalirudia baadaye, maana ndilo swali la biashara nzima. Siku ile nilimwonesha kipimo. Nilikuwa nimekitoa kwa mwalimu wa Marekani aliyefundisha useremala, Caroline Pratt, ambaye zaidi ya miaka 100 iliyopita aliwachongea watoto wa New York vitofali vya mbao tupu, visivyo na rangi wala picha. Shule aliyoianzisha mwaka 1914, City and Country, ipo hadi leo. Kanuni yake inaingia kwenye kiganja: unene 1, upana 2, urefu 4. Viwili vikilaliana vinatoshana na upana wa kimoja. Viwili vikikaa ubavu kwa ubavu vinatoshana na urefu wa kimoja. Mtoto wa miaka 4 anaishika nusu na robo mkononi kabla mwalimu hajaitaja ubaoni. Pratt hakukata hataza, kwa hiyo vitofali vyake vilitengenezwa na kila aliyetaka, na shule za awali za Marekani zimejaa vitofali vya uwiano huo mpaka sasa.

Sasa tazama. Mbili kwa nne ya Mafinga ukiikata kila inchi 8 unapata 2, 4 na 8. Ni ile ile 1, 2, 4! Kitofali hicho ni kizito kidogo kwa mtoto, kwa hiyo ipasue mbao mara 2, katikati ya unene na katikati ya upana, upate fito 4 za inchi 1 kwa 2, kisha kata kila inchi 4. Mbao moja ya futi 12 kwenye karatasi inatoa vitofali 144. Msumeno nao una kinywa, unakula njiani, tuseme vibaki 120 na ushee. Nilipomaliza kumwandikia hesabu hiyo nyuma ya risiti, mzee aliitazama muda mrefu. Amepasua mbili kwa nne maisha yake yote.

Kisha akanicheka mara ya pili, na safari hii alikuwa na haki. "Hiyo mbili kwa nne yako," akasema, "umeipima lini?"

Akachukua futi kamba, tukapima zilizokuwa zimeegemea ukutani. Hapakuwa na hata moja iliyofika inchi 2 kwa 4. Aliyejenga nyumba miaka ya karibuni anajua: mbao inapunjwa robo inchi huku, robo inchi kule, na bei inabaki ya mbili kwa nne. Kwenye paa hakuna anayeona, mbao ikishafunikwa na bati imekuwa siri ya fundi na Mungu. Kwenye kitofali cha mtoto robo inchi ni mlima. Na nyingine ilipunjwa kidogo zaidi, nyingine kidogo pungufu, kila mashine na desturi yake, kwa hiyo hata huwezi kusema basi tukubali "mbili kwa nne" yetu ni inchi 1 na robo tatu. Ingekuwa ndogo lakini sawa kila mahali, Caroline Pratt asingelalamika.

Mzee alinitengenezea 60 kwa siku 2, akarandisha kwa uangalifu, akapiga msasa kona zote. Vilinukia utomvu. Nikavipeleka kwa rafiki yangu mwalimu wa darasa la awali kule Uyole, vikawekwa kwenye kona ya kujifunzia pamoja na vizibo vya soda na vijiti vya kuhesabia. Machi vilikaa vizuri. Aprili vizuri. Agosti mwalimu akanipigia simu: "Dada, vitofali vyako vimekonda."

Mbao ilikuwa mbichi. Mti ukikauka husinyaa kwenye unene na upana. Kwa urefu, kufuata nyuzi zake, karibu haubadiliki. Kwa hiyo baridi kavu ya Juni na Julai ilipomaliza kazi yake, urefu wa vitofali ulibaki inchi 4 na ubavu haukufika tena inchi 2. Viwili pamoja havikuziba pengo la kimoja. Ghorofa za watoto zikawa zinaegemea upande kama mtu aliyetoka kilabu cha ulanzi. Mwalimu aliniambia mtoto mmoja alikuwa akijaza pengo kwa karatasi iliyokunjwa, akaliziba, akaendelea kujenga. Mtoto huyo nampenda, ila biashara ya midoli haiwezi kusimama juu ya karatasi iliyokunjwa.

Hapa ndipo ninapoliona tatizo letu lote. Mbao za kupaulia huuzwa mbichi kwa sababu mnunuzi anazitaka leo na mwenye shamba anataka fedha yake leo. Kukausha kunahitaji tanuri au miezi kadhaa ya kusubiri chini ya bati, na kusubiri ni fedha iliyolala. Viwanda vikubwa vya mbao vina matanuri. Karakana ya barabarani haina, na haitakuwa nalo kwa ajili ya vitofali 60 vya mwanamke mmoja mwenye hesabu nyuma ya risiti. Mashine tunazo. Mtaji unaokosekana ni ule wa kuiacha mbao ilale.

Wakati mbao inakauka, kuna watu wengine Mwanjelwa ambao wangeweza kuanza kesho asubuhi, nao ni mafundi cherehani. Ruth Handler wa kampuni ya Mattel alimzindua Barbie kwenye maonesho ya midoli ya New York tarehe 9 Machi 1959, akiwa amechukua umbo kutoka kwa mwanasesere wa Kijerumani aliyeitwa Bild Lilli. (Unaona jinsi ukoo huu unavyopenda kuigana.) Barbie ana urefu wa inchi 11.5, kama sentimita 29, na tangu mwanzo akili ya biashara ilikuwa kwenye kabati lake: unanunua mwanasesere mara moja, nguo unanunua mara 20. Kwa sababu kipimo chake hakikubadilika sana kwa miongo mingi, waigaji nao walikifuata, na ukienda na futi kamba Mwanjelwa utakuta wanasesere wa plastiki wasio na jina wakikaribiana urefu na mama yao. Maana yake gauni moja la kitenge likishonwa vizuri litawavaa wengi wao. Chini ya kila cherehani pale sokoni kuna rundo la vipande vya vitenge vinavyosubiri kufagiliwa. Kwa taarifa yako, Hasbro, kampuni iliyokuja kututolea Transformers, ilianzishwa mwaka 1923 na ndugu wa ukoo wa Hassenfeld waliokuwa wakiuza mabaki ya vitambaa.

Nchini Nigeria, Taofick Okoya alianzisha wanasesere wa Queens of Africa mwaka 2007, weusi, wenye nywele za kusukwa na nguo za makabila ya kwao. Ni kazi nzuri. Lakini yeye alilazimika kupata mwanasesere mzima, na kiwanda cha kumtoa ni China. Fundi wa Mwanjelwa hahitaji mwanasesere. Yupo tayari, keshavuka bahari, keshalipiwa ushuru na mtu mwingine, amevaa gauni la pinki linaloachia uzi. Anahitaji kuvishwa tu.

Usalama nao nisiupite kimya. Mwaka 2007 Mattel waliondoa sokoni mamilioni ya midoli, mingine kwa sababu ya rangi yenye risasi, na dunia ikaiangukia China. Kilichosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba sehemu kubwa zaidi iliondolewa kwa sababu ya sumaku ndogo zinazochomoka na kumezwa, na hilo lilikuwa kosa la wabunifu wa Mattel wenyewe. Kampuni ikalazimika kuwaomba Wachina radhi. Ninachoogopa mimi kwenye midoli ya Mwanjelwa ni betri zile bapa kama vifungo. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, saa 2 zinatosha kuunguza njia ya chakula. Kabla ya kununua gari lenye king'ora, tazama kama kifuniko cha betri kina skrubu. Kama kinafunguka kwa ukucha, liache hapo hapo lilie peke yake.

Na sasa kuna Labubu, yule mdoli mwenye masikio ya sungura na meno ya msumeno. Alichorwa mwaka 2015 na Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, na tangu 2019 anauzwa na Pop Mart, kampuni ya China iliyoanza mwaka 2010. Mwaka 2024 Lisa wa kundi la muziki la Blackpink akaonekana naye, na moto ukawaka. Juni 2025 mmoja wa ukubwa wa mtu aliuzwa kwa mnada Beijing kwa yuan milioni 1.08. Wa kwetu, wa kughushi, wananing'inia kwenye mabegi ya wasichana wa sekondari pale Mafiati, na sina ugomvi nao, begi likipendeza limependeza. Ugomvi wangu ni na kasha. Pop Mart huuza kwa kasha lililofungwa: unalipa kwanza, ndipo unajua umepata yupi. Wazee wetu waliujua mchezo huo stendi ya mabasi, ukichezwa kwa karata 3 na kijana mwenye mdomo mwepesi, na waliuita pata potea. Tofauti ni kwamba yule kijana wa stendi alikuwa akikimbia polisi wakifika, na Pop Mart wameorodheshwa kwenye soko la hisa la Hong Kong.

Lego na Pop Mart wote wanamrudisha mteja dukani, na hiyo ndiyo siri ya biashara hii. Mmoja anamrudisha kwa sababu alichonacho nyumbani kina kiu ya mwenzake. Mwingine anamrudisha kwa sababu alichokitaka hakukipata. Mtu wa nyanda za juu akitaka kuanza, hiyo ya pili ni rahisi zaidi, haihitaji hata mbao kavu. Naomba asiichague.

Swali la mzee wa Mafinga: nimuuzie nani? Mzazi wa Mbeya hununua kitu cha kuchezea Krismasi, Idd na siku mtoto alipotahiriwa. Biashara ya msimu ni ngumu hata kwa wakubwa. Toys R Us, kampuni ya maduka ya midoli iliyotegemea sana miezi ya mwisho wa mwaka, ilinunuliwa mwaka 2005 kwa deni kubwa, ikaomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikafunga maduka yake ya Marekani. Watoto walikuwepo, wateja walikuwepo, deni halikusubiri Desemba. Karakana ya Mafinga ikitegemea Krismasi itarudi kwenye majeneza ifikapo Februari.

Mteja asiye na msimu ni darasa la awali. Shule zetu za msingi zina darasa hilo, na mtaala unataka watoto wajifunze kwa vitendo na michezo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inakutaja kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Nimewasomea wazazi kifungu hicho kikaoni wakadhani natania. Vifaa vingi ninavyoviona kwenye madarasa hayo ni jasho la mwalimu mwenyewe: vizibo, maboksi, mbegu. Halmashauri yenye msitu wa paini mlangoni inanunua madawati kila mwaka kwa maseremala wale wale. Zabuni ya madawati ikiongezwa mstari mmoja, seti moja ya vitofali kwa kila darasa la awali, mbao kavu, inchi 1 kwa 2 kwa 4, mkaguzi aje na futi kamba, fundi atakuwa na sababu ya kuiacha mbao ilale, maana anajua nani atailipia ikiamka. Mzazi wa Mwanjelwa atafuata baadaye, akishaviona shuleni.

Mwezi Septemba nilipita tena Mafinga. Mzee amepanga mbao nyuma ya karakana, chini ya bati, kati ya moja na nyingine ameweka vijiti ili upepo upite, na kwenye ncha ya kila mbao ameandika tarehe kwa penseli. Aliniuliza azitoe lini. Nikamwambia avumilie, ila mvua za Novemba zisizikute nje.

"Na wale mabata wenye magurudumu ulionionesha kwenye simu?"

"Mabata baadaye, baba. Tumalize kwanza vitofali."

"Mabata nimeshaanza," akasema, akaingia ndani kuwaleta. Walikuwa wanne. Hakuna wawili waliolingana.